Kusoma mazingira ya kale kwenye mabonde ya mashapo: mwongozo wa hatua kwa hatua, tukianzia Tendaguru

Kati ya 1909 na 1913 wafukuaji wa makumbusho ya Berlin walitoa zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria katika vilima vya Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, leo amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na watu wengi wanaijua Tendaguru kwa ajili yake tu.

Sisi tunaihitaji kwa sababu nyingine. Pale, ndani ya unene wa mita 100 na ushei wa miamba, matabaka yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu yamepishana mara tatu na matabaka yenye konokono na kome wa baharini. Kazi ya anayesoma mashapo (mchanga, tope na chokaa vilivyotua na kugeuka mwamba) ni kueleza mpishano huo: palikuwa na nini mahali hapo, maji yalikuwa ya aina gani, yalikwenda upande gani, na kwa nini hali ilibadilika. Njia ni ile ile hata kama bonde lako liko Ruhuhu kusini-magharibi, Mandawa kwenye pwani ya kusini, au chini ya bahari.

Hatua ya 1: Maandalizi

Tanzania visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mwambani) vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Utafiti unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Bila hivyo, angalia, pima, piga picha, na mfupa uuache ulipo. Ramani ya jiolojia ya eneo itafute Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST). Ukifika, ripoti ofisi ya kijiji kabla ya jambo lolote. Mzee anayelima pale anajua korongo lipi limekatwa na mvua za mwaka jana kuliko ramani yoyote.

Kusini nenda kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka au zimeshaungua. Beba nyundo, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, dira yenye kipima mwinamo, futi ya mkanda, kadi ya ukubwa wa punje, chupa ndogo ya asidi hidrokloriki ya asilimia 10, daftari na penseli. Ongeza jembe na sururu. Tendaguru haina kuta ndefu za miamba kama zile za picha za vitabuni. Mwamba umefunikwa na udongo na vichaka, na mara nyingi hakuna budi kuchimba mtaro mfupi kwenye mteremko ili uone tabaka ambalo jua na mizizi havijaliharibu.

Hatua ya 2: Pima safu kabla ya kufikiria

Anza chini ya mteremko upande juu. Chora safu kwa kipimo kimoja, tuseme sentimita 1 kwa kila mita 1, na upana wa mchoro uonyeshe ukubwa wa punje. Mchanga ni punje za kuanzia milimita 0.063 hadi 2. Zaidi ya hapo ni changarawe na kokoto. Chini yake ni silti, na chini ya milimita 0.004 ni mfinyanzi. Lenzi haiwezi kutofautisha silti na mfinyanzi, lakini meno yanaweza: tafuna kipande kidogo, silti itakwaruza, mfinyanzi utateleza.

Kwa kila tabaka andika unene, punje, rangi ya mwamba uliopasuliwa sasa hivi (uso uliochakaa hudanganya), miundo iliyomo, viumbe, na jinsi linavyokutana na tabaka la chini yake. Hilo la mwisho wengi hulipita haraka, na ndilo lenye habari nyingi. Mpaka wa polepole unasema mazingira yalihama taratibu. Mpaka uliokatwa kwa ukali, wenye mashimo yaliyojaa kokoto, unasema maji yalikula sehemu ya tabaka la chini, na hujui yalikula kiasi gani. Huenda ni mafuriko ya siku moja, huenda ni miaka milioni kadhaa iliyopotea.

Hakikisha pia juu ni wapi. Kwenye mabonde yaliyokunjwa matabaka yanaweza kuwa yamepinduka. Nyufa za tope huwa pana juu na nyembamba chini, mizizi hushuka, na tabaka mshazari za mchanga (tabaka nyembamba zilizoinama ndani ya tabaka kuu) hukatwa ghafla juu lakini chini hulala taratibu.

Sharti moja la daftari: upande wa kushoto ni wa ulichoona, wa kulia ni wa unachodhani. Neno "mto" au "lagoni" (maji ya bahari yaliyokingwa na fungu la mchanga au mwamba) lisionekane kushoto kamwe. Siku utakapobadili mawazo, na utabadili, utahitaji data ambazo hazijachanganyika na dhana ya jana.

Hatua ya 3: Soma mwendo wa maji

Mchanga hutunza kumbukumbu ya maji yaliyouhamisha. Viwimbi vyenye pande mbili sawa na kilele kilichochongoka vimetengenezwa na mawimbi yanayokwenda na kurudi. Viwimbi vyenye upande mmoja wa mteremko mkali vimetengenezwa na mkondo, na upande huo mkali ndio ulikoelekea maji. Viwimbi hivyo vikiwa vikubwa vinageuka vilima vya mchanga vinavyohama chini ya maji, na ndani ya mwamba huonekana kama tabaka mshazari. Matabaka ya mchanga yenye mabonde na vilima vya chini chini, yanayoinama pande zote bila uelekeo mmoja, ni kazi ya dhoruba kwenye bahari isiyo na kina kirefu.

Tabaka ambalo punje zake ni kubwa chini na ndogo juu, likijirudia makumi ya mara katikati ya tope la bahari, ni dalili ya maporomoko ya tope na mchanga yaliyoteremka mteremko wa bahari. Hifadhi za gesi zilizogunduliwa kuanzia 2010 kwenye bahari ya kina kusini mwa Tanzania ziko ndani ya michanga ya jamii hiyo, kwa hiyo somo hili lina wateja.

Nataka kukaa kidogo kwenye kupwa na kujaa, kwa sababu mkaazi wa pwani ana mtaji hapa. Maji yakijaa, mkondo unasukuma mchanga upande mmoja. Yakitulia kabla ya kugeuka, tope laini linashuka na kufunika mchanga kwa utando mwembamba. Yakipwa, mkondo unarudi, mara nyingi ukiwa dhaifu zaidi au ukipita njia nyingine. Wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) mkondo una nguvu na tabaka la mchanga linakuwa nene. Wakati wa maji mafu linakuwa jembamba au halipo. Mahali ambapo maji hujaa mara mbili kwa siku, kama pwani yetu, kutoka bamvua moja hadi nyingine kuna mijao 28 hivi. Ukikuta mwamba ambao tabaka zake zinanenepa na kukonda kwa mpangilio, zikitenganishwa na utando wa tope, zihesabu. Hutapata 28 kila mara, kwani mijao dhaifu haiachi alama, lakini mpangilio wenyewe ni ushahidi mzito. Mafuriko ya mto hayafuati mwezi.

Vitabu hupenda zaidi alama nyingine: tabaka mshazari zinazoinama kushoto, juu yake zinazoinama kulia, mithili ya miiba ya samaki. Mimi siitegemei sana. Ni adimu, kwa sababu maji yanayojaa na yanayopwa mara nyingi hutumia njia tofauti, na mfereji wa kawaida wa mto ukikatwa kwa mbele unaweza kuonyesha sura hiyo hiyo. Zunguka mwamba uone pande mbili kabla ya kuandika.

Hatua ya 4: Waulize viumbe, lakini uliza kwanza kama ni wenyeji

Mzoga wa dinosaria unaweza kuelea mtoni, ukapita mlango wa mto, ukazama baharini. Kwa hiyo mfupa wa mnyama wa nchi kavu hauthibitishi nchi kavu. Kome aliyevunjika na kulala kifudifudi ameburutwa. Aliyefunga magamba yote mawili na kusimama kama alivyoishi yuko nyumbani kwake. Mashahidi wazuri kuliko wote ni mizizi na mashimo ya viumbe, maana havisafirishwi. Mashimo marefu ya wima huchimbwa na wanyama wa mchanga unaohamahama. Njia za kulala, zinazopindapinda kutafuta chakula, ni za mahali patulivu zaidi. Ukiona idadi kubwa ya viumbe lakini wa aina mbili tatu tu, shuku maji yenye shida: ya chumvichumvi yanayobadilika, au yenye oksijeni kidogo.

Tendaguru tabaka za katikati zenye dinosaria zina mwani wa kara (mmea wa majini) na ostrakodi (vidudu vya majini vyenye magamba mawili), yaani madimbwi ya maji baridi hadi ya chumvichumvi. Tabaka linalofuata juu yake limepewa jina la kome wa baharini, Trigonia, na lile la chini yake jina la konokono wa baharini, Nerinella. Chavua iliyomo inatawaliwa na misonobari ya jamii moja iliyotoweka, iliyozoea nchi yenye kiangazi kikali. Tayari una mvua za msimu, pwani na madimbwi, na hujagusa mfupa.

Pale ambapo jicho halioni kitu, tafuta visukuku vidogo. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa ni wa kijivu, laini, hauna miundo ya kuvutia. Anayehukumu kwa macho angesema lagoni tulivu. Foraminifera waliomo (viumbe vya seli moja vyenye kaka), wale wa kuelea na wale wa sakafuni, wanasema bahari ya kina cha mita mamia kwenye ukingo wa bara. Kadiri unavyokwenda mbali na pwani, ndivyo sehemu ya wanaoelea inavyozidi ile ya wanaoishi sakafuni.

Hatua ya 5: Rangi na kemia

Wekundu ni chuma kilichokutana na oksijeni. Hausemi jangwa, udongo wa tambarare ya mto wenye kiangazi unakuwa mwekundu vilevile, na mwamba unaweza kuwa mwekundu muda mrefu baada ya kufukiwa. Weusi ni mabaki ya viumbe ambayo hayakuoza, na hilo hutokea kwenye kinamasi, ziwa au bahari. Kwenye makaa ya mawe, kama ya Mchuchuma na Ngaka, angalia chini ya tabaka la makaa: mizizi ikiwepo, mimea iliota pale pale; isipokuwepo, huenda ililetwa na maji.

Dondosha asidi. Ikichemka, kuna chokaa, na sasa shika lenzi. Vipunje vya mviringo vya chini ya milimita 2, vyenye ngozi juu ya ngozi ukivivunja, ni oidi. Hutengenezwa kwenye maji ya joto, ya kina kifupi, yasiyotulia. Mafundo ya chokaa yaliyotapakaa ndani ya tope jekundu ni udongo wa kale wa nchi yenye ukame wa msimu.

Maziwa ya magadi yana kemia yao. Oldupai, mwanajiolojia Richard Hay alionyesha katika kazi yake ya 1976 kwamba majivu ya volkano yaliyoangukia ziwa la chumvi na magadi yaligeuka zeolaiti (kundi la madini), ilhali majivu yale yale pembeni hayakugeuka hivyo. Ziwa lile lilikuwepo karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Mawe magumu ya cherti (mwamba wa silika) ya Oldupai nayo ni ya aina ambayo madini yake mama, magadiaiti, yalitambuliwa Ziwa Magadi la Kenya mwaka 1967. Natron na Magadi bado zinafanya kazi hiyo, nenda ukatazame.

Hatua ya 6: Unganisha makundi

Sasa ndipo upande wa kulia wa daftari unapofunguliwa. Tabaka moja la mchanga mshazari linaweza kuwa la mto, la mlango wa bahari au la upepo. Kinachoamua ni majirani zake. Mfereji wa mto unaoyumba huanza kwa mpaka uliokatwa wenye kokoto, hufuatia mchanga mshazari, kisha viwimbi, kisha tope lenye mizizi: punje zinapungua kuelekea juu. Delta inayosonga mbele hufanya kinyume: tope la mbele yake huja chini, mchanga wa mlangoni juu.

Kanuni inayofunga kazi hii iliandikwa na mwanajiolojia Johannes Walther mwaka 1894: mazingira yanayopakana kwa upana ndiyo hupangana kwa wima, mradi pasiwe na mapengo kwenye safu. Tembea leo kwenye delta ya Rufiji kutoka nchi kavu: mashamba ya tambarare, wangwa usio na mmea, mikoko, tope la maji kupwa, mifereji, kisha mafungu ya mchanga. Bahari ikipanda, utayakuta hayo hayo yamelaliana kutoka chini kwenda juu.

Tumia hilo Tendaguru. Matabaka ya dinosaria yana tope, viwanja vya kupwa na kujaa, madimbwi, na tambarare ya pwani. Matabaka ya kome yana mifereji ya mikondo ya bahari, mchanga wenye magamba, na mafungu ya oidi. Kutoka moja kwenda jingine hakuhitaji maafa. Kunahitaji bahari kupanda kidogo juu ya pwani iliyo tambarare sana, kisha kushuka, mara tatu. Picha inayopatikana ni ya lagoni na bahari ya kina kifupi iliyokingwa kiasi na mafungu ya mchanga, na nyuma yake tambarare ambako dinosaria walipita. Misitu ya misonobari ilikuwa ndani zaidi.

Hatua ya 7: Kila tafsiri iwe na mpinzani

Hapa ndipo ripoti nyingi huanguka. Andika tafsiri yako, kisha andika nyingine mbili zinazoweza kueleza ushahidi ule ule, na utafute kitakachoziua.

Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, miamba ya chini kabisa ya Karoo (mfululizo wa mashapo ya kale wa kusini mwa Afrika) ina umri wa karibu miaka milioni 300. Ndani yake kuna tope lenye tabaka nyembamba sana, na katikati ya tope hilo mawe yameketi peke yake. Mkondo uliotulia kiasi cha kutandaza tope hauwezi kubeba jiwe, kwa hiyo jiwe lilidondoka kutoka juu. Jibu la kwanza ni barafu iliyoelea na kuyeyuka. Wapinzani: jiwe lililoshikwa na mizizi ya mti ulioelea, au lililorushwa na volkano. Angalia basi: je, tabaka za chini zimebonyea na za juu zimelifunika? Hilo linathibitisha kudondoka tu. Je, mawe ni mengi, ya aina nyingi za miamba, mengine yana mikwaruzo sambamba? Je, chini yake kuna mchanganyiko wa mawe makubwa na tope usiopangika? Yote yakikutana, mti na volkano vinashindwa. Barafu ilikuwepo kwenye nchi ambayo leo ni ya Songea na Ludewa, na juu ya mashapo yake yakaja makaa ya mawe.

Mpinzani hashindwi kila wakati. Kuhusu vifo vya dinosaria wa Tendaguru, Werner Janensch aliyeongoza ufukuaji alidhani wengi walinasa kwenye tope. Mwaka 1980 watafiti wengine walipendekeza ukame. Zote mbili zinakubaliana na pwani yenye kiangazi kikali. Ziache zote mezani, ukieleza kila moja ingeacha nini: aliyenasa huacha miguu iliyosimama ndani ya tope, na aliyekufa kwa ukame hukaa juani, mifupa yake ikapasuka na kutawanyika kabla ya kufukiwa.

Hatua ya 8: Panua pembeni

Safu moja ni tundu la ufunguo. Pima safu nyingine kilomita moja mbele, kisha nyingine, na utafute tabaka la kuziunganisha. Bora kuliko yote ni majivu ya volkano, kwa kuwa yaliangukia kila mahali kwa wakati mmoja. Ndivyo Oldupai ilivyosomwa: ukifuata tabaka moja la majivu unatoka katikati ya ziwa, unapita ukingo wenye tope na nyayo, unafika miteremko ya volkano, na vyote ni vya kipindi kimoja. Tendaguru haina bahati hiyo. Huko matabaka ya kome ndiyo hutumika.

Pima mwelekeo wa mikondo kwenye tabaka mshazari, vipimo 20 au 30 kwa kila eneo, na uvichore kwenye duara. Matabaka yakiwa yameinama zaidi ya nyuzi 10 hivi, yarudishe ulalo wake kwa hesabu kwanza. Mwelekeo mmoja mara nyingi ni mto. Miwili inayokabiliana mara nyingi ni kupwa na kujaa. Iliyotapakaa, rudi ukaangalie kama umechanganya makundi mawili.

Ukiwa na visima badala ya makorongo, kipimo cha miale ya gama kinachoshushwa kisimani kitakusaidia kutofautisha mchanga na mfinyanzi, kwa kuwa mfinyanzi kwa kawaida huwa na potasi, thoriamu na urani zaidi. Angalizo moja kwa mabonde yaliyolishwa na matale ya bara: mchanga wenye feldispa nyingi (madini ya kawaida ya matale) una potasi pia, na kwenye grafu hujifanya mfinyanzi. Linganisha na vipande vya mwamba vilivyotoka kisimani.

Hatua ya 9: Andika kwa namna inayoweza kupingwa

Kwa kila kundi la matabaka andika mistari minne, usizidishe. Kwa mfano, kwa mchanga wa chokaa wa aina ya Trigonia:

Kilichoonekana: mchanga wenye oidi, tabaka mshazari, magamba ya kome wa baharini yaliyovunjika, mpaka wa chini uliokatwa.
Tafsiri: fungu la oidi na mifereji ya mikondo, bahari ya joto ya kina kifupi.
Mpinzani: oidi zilizotengenezwa kwingine zikasukumwa na dhoruba hadi ndani ya lagoni.
Kitakachoamua: kama oidi zimechanganyika na tope na viumbe wa lagoni, na kama tabaka ni moja jembamba au mita kadhaa zilizorundikana.